Maji Mapya, Mabomba Makuukuu

Wanafunzi wangu, juma hili tuanze na istilahi. Katika taarifa za mashirika ya maji kuna kipimo ambacho wataalamu hukitumia kueleza maji yaliyosafishwa, yakasukumwa hadi mjini, lakini hayakuingiza hata senti moja. Kwa Kiswahili wapo wanaoyaita "maji yasiyolipiwa", na wapo wanaosema "upotevu wa maji". Maneno haya mawili yanafanana kwa mbali tu. La kwanza linamnyoshea kidole mtu: kuna mtu amekunywa na hakulipa. La pili linakinyoshea kidole chombo: kuna kitu kimetoboka. Mwandishi wa taarifa anapochagua moja na kuliacha jingine, amekwisha kuamua nani wa kulaumiwa kabla msomaji hajafika kwenye tarakimu.

Hapa Kampala kipimo hicho kimekaa kwa miaka mingi karibu na theluthi moja ya maji yote yanayozalishwa, na mara nyingine kimepita hapo. Tulieleze jambo hilo kwa lugha ya nyumbani. Maji huvutwa ziwani pale Gaba, hutiwa shabu ili uchafu utuame, huchujwa, hutiwa klorini, kisha husukumwa kwa nguvu za umeme hadi kwenye matangi ya kilima cha Muyenga na vilima vingine, ili yateremke kutoka huko kwenda mitaani. Ukijaza jerikani tatu baada ya kazi yote hiyo, moja haifiki. Gharama yake, hata hivyo, haikupotea. Umeme umelipiwa, dawa imelipiwa, fundi amelipwa mshahara, na aliyebeba mzigo wote ni yule aliyepokea zile jerikani mbili zilizofika.

Ninachodai katika makala haya ni jambo moja, nami nalisema waziwazi ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia: mji usiohesabu mabomba yake ya zamani na kuyabadilisha mwaka hadi mwaka hauna haki ya kukopa fedha za kujenga mtambo mwingine wa maji.

Mtambo wa kwanza wa Gaba ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya mji mdogo wa vilima vichache. Mwaka 1972 likaundwa Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, likianza na miji mitatu: Kampala, Entebbe na Jinja. Miaka iliyofuata mnaijua kutokana na vitabu vya historia. Vita na kuporomoka kwa uchumi havikuyaacha mabomba salama. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu Kampala watu wapatao 330,000. Ile ya mwaka 2014 ilihesabu zaidi ya 1,500,000, na hao ni wanaolala ndani ya mipaka ya jiji. Wanaoingia kila alfajiri kutoka Wakiso na Mukono nao hunywa, hunawa na huenda msalani. Mtambo wa pili wa Gaba ukaja mwaka 1992, wa tatu mwaka 2007, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 ukaanza kazi mtambo wa Katosi, wilayani Mukono.

Kila mtambo una tarehe yake ya kuzaliwa, na mwanafunzi hodari anaweza kuikariri. Sasa niambieni ni lini lilibadilishwa bomba kuu la mtaa wenu. Hakuna anayejua, kwa sababu siku hiyo, kama iliwahi kuwapo, hakukuwa na utepe wa kukatwa wala bendi ya kupiga matarumbeta.

Sisemi kwamba Katosi haikuhitajika. Ghuba ya Murchison, ambako Gaba huvuta maji yake, ndiko pia mfereji wa Nakivubo unakomwaga maji machafu ya mji, baada ya kupita katika kinamasi ambacho tumekimega kwa mashamba, nyumba na viwanda hadi kikapungukiwa na nguvu ya kuchuja. Mji unaonywa mahali unapojisaidia hulazimika kutumia dawa nyingi zaidi na kusafisha machujio yake mara nyingi zaidi. Kwenda mbali kutafuta maji yaliyo safi kidogo kulikuwa na mantiki. Mtambo ule ulijengwa ili uzalishe lita milioni 160 kwa siku, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka kwa wakopeshaji wa Ulaya, na deni hilo litalipwa na ninyi mnaosoma hapa, mkiwa watu wazima.

Lakini fanyeni hesabu. Tuseme mji unazalisha lita milioni 240 kwa siku, kiasi ambacho hakiko mbali na uwezo wa mitambo ya Gaba kabla ya Katosi. Theluthi yake ni lita milioni 80. Hiyo ni nusu ya Katosi nzima! Tulikuwa na nusu ya Katosi chini ya miguu yetu, tayari imesafishwa, tayari imepandishwa mlimani, nasi tukaenda kuikopa upya kutoka ng'ambo. Na maji mapya yakishafika Kampala hupita wapi? Hupita katika mabomba yaleyale. Tena bomba lililotoboka, ukiliongezea msukumo, huvuja zaidi. Halina adabu ya kungoja.

Nataka tukae chini ya ardhi kwa muda, kwa kuwa hoja yangu iko huko, na huko ndiko wanasiasa wetu wasikopenda kushuka.

Bomba la chuma huliwa na kutu kwa ndani na kwa nje. Kutu ya ndani hujikusanya kama vinundu, njia ya maji ikazidi kuwa nyembamba, hata bomba lililolazwa kuhudumia nyumba mia likawa halitoshi hamsini. Kwa nje, udongo wa mabondeni huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, ukilivuta bomba huku na huko mpaka viungio vyake vilegee. Juu yake hupita malori yaliyojaa saruji na matofali, ilhali lilipolazwa juu yake kulikuwa na njia ya baiskeli. Akaja na mkandarasi wa barabara na katapila lake. Hana ramani ya kuaminika ya mabomba, au anayo na haitazami, analikwaruza, anafukia, anaondoka. Kwenye mabomba ya plastiki mambo si shwari daima: plastiki haishiki kutu, lakini kiungio kilichofungwa na fundi mwenye haraka huvuja tangu siku ya kwanza.

Watu wengi hudhani maji hupotea pale bomba linapopasuka na kurusha maji juu kama chemchemi. La hasha. Bomba likipasuka hivyo, kila mwenye simu hupiga picha, redio hutangaza, na kabla ya jua kutua mafundi wamefika. Mwizi mkubwa ni tundu dogo ambalo halionekani, kwa kuwa maji yake huingia kwenye mchanga au kwenye mtaro ulio jirani. Tundu lenye upana wa milimita 5, katika bomba ambalo msukumo wake unaweza kuyapandisha maji mita 30, hupoteza zaidi ya lita 20,000 kwa siku. Gawanyeni kwa lita 20: jerikani 1,000. Tundu hilo haliombi likizo. Likikaa miaka miwili bila kugunduliwa, limemwaga maji kuliko mipasuko kadhaa iliyopigiwa picha.

Kuligundua kunawezekana, tena bila miujiza. Usiku watu wakilala, matumizi hupungua, msukumo ndani ya bomba hupanda, na tundu lilelile hutoa maji mengi kuliko mchana. Ndiyo maana mafundi wanaoijua kazi yao hupima usiku. Mtaa hutengwa kwa vali na kuwekewa mita moja kwenye bomba linaloingia. Saa nane usiku fundi huiangalia mita ile. Iwapo mtaa mzima umelala na mita bado inakimbia, basi ardhi ndiyo inayokunywa. Kisha hutembea na fimbo ya chuma, ncha moja juu ya bomba, nyingine sikioni, akisikiliza mluzi mwembamba wa maji yanayopenya. Siku hizi kuna vyombo vya kielektroniki vinavyosikia vizuri zaidi, ila elimu ni ileile: ugawe mji vipande vipande, upime usiku, usikilize, uchimbe, uzibe, na bomba lililozibwa mara nyingi mno ling'olewe. Kazi hii ni ya kila usiku na haiishi. Haina siku ya uzinduzi, na hapo ndipo penye tatizo letu.

Kuna na hatari nyingine ambayo hesabu za fedha haziioni. Mahali maji yanapotoka kwa mgawo, bomba hubaki tupu kwa saa kadhaa. Bomba tupu lenye tundu hunyonya kilicho nje yake. Katika mitaa ya mabondeni kama Bwaise, Katwe na Kisenyi, mipira myembamba ya maji ya nyumba nyingi hupita ndani ya mitaro au kandokando ya vyoo vya shimo. Maji yakirudi, humfikishia mnywaji kile kilichonyonywa. Klorini iliyotiwa Gaba haikukusudiwa kupigana vita hivyo.

Na bomba likikauka kabisa? Mwenye tangi juu ya paa hatambui kwa siku mbili au tatu. Asiye nalo huenda kwenye chemchemi au humngoja mchuuzi. Chemchemi za Kampala, hata zile zilizojengewa saruji, zimezungukwa na vyoo. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilitanda katikati ya jiji, wagonjwa walioshukiwa wakapita 10,000, na waliochunguza walikuta chanzo katika maji machafu na vinywaji vya mitaani vilivyotengenezwa kwa maji hayo. Ama mchuuzi, simlaumu. Anapanda kilima akisukuma baiskeli yenye jerikani sita, na jasho lake lina bei. Lakini itazameni bei hiyo. Kwenye kioski cha umma bei iliyopangwa ni kama shilingi 25 kwa jerikani. Maji yakikatika, jerikani hiyohiyo huuzwa shilingi 200 au zaidi. Familia inayotumia jerikani tano kwa siku ingelipa shilingi 3,750 kwa mwezi kwa bei ya kioski. Kwa mchuuzi italipa 30,000. Kila tundu lisilozibwa ni kodi, na kodi hiyo hutozwa mama wa Bwaise huku mwenye tangi wa mlimani akisamehewa.

Sasa turudi kwa mwizi, maana najua atatajwa. Wakuu wa maji wakiulizwa kuhusu theluthi inayopotea, jibu la kwanza aghalabu ni wizi: watu wanaounga mabomba kinyemela, wanaochezea mita, wanaookoa gharama kwa kupita kando ya mita usiku. Wizi upo. Ni hasara ya kweli na sina huruma na kiwanda au hoteli inayofanya hivyo. Ninachokataa ni wizi kutumiwa kama blanketi la kufunika kutu. Mwizi anaweza kupigiwa picha akiwa na pingu na kuoneshwa kwenye taarifa ya habari. Bomba la miaka hamsini haliwezi kufungwa pingu. Fauka ya hayo, kuna mdaiwa asiyeitwa mwizi. Kwa miaka mingi majeshi, polisi, magereza na hospitali za serikali vimekuwa na malimbikizo ya mabilioni ya shilingi kwa Shirika. Maji ya raia maskini hukatwa kwa deni la mwezi mmoja au miwili. Maji ya kambi hayakatwi.

Hapa nitawapeleka mbali kidogo, hadi Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, kwa sababu kila nikiwasilisha hoja hii huambiwa kwamba hayo yanawezekana Ulaya tu. Mwaka 1993 mji ule ulikuwa umetoka katika vita vya kutisha kuliko vyetu. Mabomba yake mengine yalikuwa ya zama za Wafaransa, na zaidi ya asilimia 70 ya maji yake yalikuwa yakipotea. Akateuliwa mhandisi aitwaye Ek Sonn Chan kuongoza mamlaka ya maji. Alibadilisha mabomba makuukuu, akaweka mita kwa kila mteja, akaunda vikosi vya kutafuta mivujo, na akawatoza wakubwa kama wadogo. Inasimuliwa kwamba jenerali mmoja alimwekea bastola kichwani alipokwenda kumfungia mita. Aliondoka, akarudi na askari wenye silaha pamoja na waandishi wa habari, akayakata maji ya jenerali. Katika muda wa miaka 15 hivi upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6. Nchi ile haikuwa tajiri. Walichokuwa nacho ni uvumilivu wa kufanya kazi moja isiyopigiwa makofi, kila usiku, kwa miaka 15.

Nasi tuliwahi kuonja jambo kama hilo. Mwaka 1998 Shirika letu lilikuwa hoi, likipoteza zaidi ya nusu ya maji yake na kuzama katika hasara. Alipoingia William Muhairwe kuliongoza, alianza na mpango wa siku 100 mwaka 1999: mita zikarekebishwa, bili zikafuatiliwa, wafanyakazi wakapimwa kwa matokeo. Shirika likainuka, na wageni wakaja kutoka nchi nyingine za Afrika kujifunza. Sifa ile ilistahili. Lakini Waswahili walikwisha kuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kipimo kilishuka hadi karibu theluthi moja, kisha kikakaa hapo kama mgeni aliyeoneshwa kitanda. Sababu haifichiki. Kurekebisha bili ni kazi ya ofisini, na matunda yake huonekana ndani ya miezi. Kilichobaki baada ya hapo kiko ardhini, na kinahitaji kuchimbwa.

Badala ya kuchimba, tulitanuka. Mwaka 2013 Shirika lilihudumia miji isiyofika 30. Miaka michache baadaye lilijivunia miji zaidi ya 200. Ni haki ya Mganda wa mji mdogo kupata maji ya bomba, na asije mtu akanisingizia kwamba nataka Kampala inywe peke yake. Swali langu ni hili: kila kilomita mpya iliyolazwa imewekewa akiba gani ya kubadilishwa itakapochakaa? Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Bomba likiishi miaka 50, basi katika kila kilomita 1,000 unapaswa kubadilisha kilomita 20 kila mwaka, mwaka huu, mwaka ujao, na ule wa uchaguzi pia. Ukiacha kwa miaka kumi, unadaiwa kilomita 200 kwa mpigo. Wahasibu wana neno la jambo hili, "uchakavu", na hulitia katika vitabu vyao kila mwaka kama tarakimu. Neno zuri, kutoka kitenzi kuchakaa, tunachokitumia kwa nguo na viatu. Tofauti ni kwamba kiatu kikichakaa mwenyewe huhisi changarawe.

Nitatoka nje ya mada kidogo, kwa idhini yenu. Neno "miundombinu" limeunganishwa kutokana na "miundo" na "mbinu". Wanaofundisha sarufi hulitaja kama mfano wa nomino ambatani na kuendelea. Mimi hulitaja kama lawama. Miundo tunayo: tangi, mtambo, bomba. Mbinu, yaani namna ya kuiweka miundo hiyo hai, tumeiacha ndani ya neno. Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu miaka ya 1990, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Lilikuwa limejaa kwa miaka, na kila aliyehusika alijua. Bomba haliporomoki juu ya nyumba za watu, kwa hiyo tunajiambia kwamba si jambo la kufananisha. Waulizeni walioshikwa na homa ya matumbo mwaka 2015.

Kuna watakaosema dawa ni kulikabidhi shirika kwa kampuni binafsi. Tulijaribu: kati ya mwaka 2002 na 2004 kampuni ya kigeni ilipewa mkataba wa kuendesha huduma za Kampala, mkataba ukaisha na haukuendelezwa. Na anayedhani utajiri na ubinafsishaji huziba matundu aitazame London. Huduma za maji za huko zilibinafsishwa mwaka 1989. Baadhi ya mabomba ni ya zama za Malkia Victoria. Na kampuni ya Thames Water, yenye madeni ya mabilioni ya pauni, huvujisha zaidi ya lita milioni 500 kila siku, kiasi kinachozidi maji yote ambayo Gaba ingeweza kuyazalisha. Wenye hisa walilipwa magawio mazuri katika miaka ambayo mabomba yalizeeka. Mwenye mali awe serikali au tajiri, kishawishi ni kimoja: kula leo kile kilichopaswa kuzikwa ardhini.

Wengine watasema tupandishe bei ya maji ili fedha za ukarabati zipatikane. Labda siku moja itabidi. Lakini huwezi kumwomba mteja alipe zaidi kwa jerikani mbili zilizofika, ilhali hujamweleza iliko ya tatu.

Sasa somo la uraia lenyewe. Tatizo letu jingine ni kwamba hatujui wa kumuuliza. Bomba likivuja barabarani, bomba ni la Shirika, lililo chini ya Wizara ya Maji na Mazingira. Barabara yaweza kuwa ya Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala au ya serikali kuu. Mtaro ni wa jiji. Mwananchi humtukana Meya, Meya huinyoshea kidole wizara, wizara humtaja mkandarasi, mkandarasi amekwisha kulipwa na kuondoka. Katikati ya duara hilo maji yanaendelea kutiririka. Katiba ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka serikali ichukue kila hatua inayowezekana kukuza usimamizi mzuri wa maji katika ngazi zote. Katika lengo hilo limetajwa neno usimamizi. Mbunge wenu hupitisha bajeti ya wizara na mikopo ya mitambo. Kwa hiyo yeye ndiye mlango wa kwanza wa kubisha.

Akija kuomba kura na kuahidi maji, msimuulize ataleta mtambo gani. Muulizeni mwaka jana zilibadilishwa kilomita ngapi za bomba kuukuu katika eneo lenu, na mwaka huu bajeti imetenga ngapi. Muulizeni kwa nini vipimo vya usiku vya kila mtaa havichapishwi ili wakazi wavione, kama tunavyobandikiwa matokeo ya mitihani ukutani. Muulizeni kama atakubali mkopo mwingine wa mtambo upite bungeni bila fungu la mabomba ndani yake. Muulizeni ni lini kambi na wizara zitalipa deni lao. Na muulizeni kwa nini barabara huwekwa lami mwezi mmoja na kuchimbuliwa kwa ajili ya bomba mwezi unaofuata. Akijibu kwa methali, msikubali. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni methali ambayo kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huibandika mwishoni mwa insha ili ajipatie alama mbili. Mheshimiwa anatakiwa alete tarakimu.

Kazi ya juma hili ni hii. Andikeni barua rasmi ya ukurasa mmoja kwa mbunge wa eneo lenu, mkitumia maneno haya walau mara moja: uchakavu, mvujo, msukumo, malimbikizo, ukarabati. Muulize mambo mawili tu kati ya yale niliyoyataja. Barua yenye maswali kumi haijibiwi. Angalieni upatanisho wa kisarufi: mabomba makuukuu, bomba kuukuu, mivujo mingi. Nitazisahihisha, nitazirudisha, na wenye kutaka wataziweka kwenye bahasha na kuzituma. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Wakiwajibu kwamba ofisi haina msomaji wa Kiswahili, nileteeni jibu hilo darasani tulisome pamoja.